Kadre za Gari ya Munganga

Vijana wa garaji,

Siku mliponiaga mlinichinjia mbuzi, mkanipa kiti cha plastiki chenye mikono, kisha mkaniambia nisimame niseme neno. Nilisimama, nikasema asante, nikakaa. Mmoja wenu akapaza sauti huko nyuma, "Muzee, miaka yote ile, neno ni moja tu?" Mlicheka, na mimi nikacheka. Lakini tangu siku hiyo swali lile linanifuata mpaka shambani. Macho yangu hayaoni tena mstari wa kukata bati, ila mstari wa daftari bado yanauona. Basi neno la pili ni hili.

Sitaandika habari za vyeo. Nilianza toliye, fundi wa bodi, na nimemaliza toliye. Katikati walinipa koti la rangi nyingine. Mshahara ni siri ya patroni, mwenye garaji, na ni siri ndogo. Nitaandika kazi, na hasa kazi moja, kwa sababu mmeniuliza mara nyingi kwa nini nilikuwa nagombana nanyi juu ya madirisha kuliko juu ya kitu kingine chochote cha gari.

Nilitoka kijijini Boga, kusini, nikaja Bunia nikiwa kijana wa ndevu tatu, na barua ya katekista mfukoni. Nilitaka kujifunza injini. Injini zilikuwa na heshima: fundi wake anainama, anasikiliza, anatikisa kichwa kama munganga mbele ya mgonjwa, na watu wote wanangoja aseme. Lakini kwenye injini nafasi zilikuwa zimejaa. Wakanipeleka nyuma ya garaji, chini ya paa la mabati, kwa Muzee Anselme. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa kelele za nyundo, kwa hiyo ilibidi umsemeshe upande wa kuume. Wateja wasiojua walimwona mtu wa majivuno. Aliwaacha waamini hivyo, ilimpunguzia maneno.

Alitazama mikono yangu, akanipa brosi ya waya na mlango wa kamioneti.

"Toa kutu."

"Mpaka wapi, Muzee?"

"Mpaka chuma ikuambie basi."

Nilisugua majuma matatu. Siku ya kwanza nilidhani chuma kimeniambia basi kabla ya saa sita. Muzee akachukua msumari, akaugusisha pale niliposafisha mpaka pakang'aa, na msumari ukapita upande wa pili kama kidole kwenye ndizi iliyoiva.

"Hii haikusema basi," akasema. "Hii ilikufa zamani."

Juma la pili akaja Gratien. Alikuwa mtu wa kaskazini, upande wa Fataki, rika langu, mrefu, mwenye haya. Mama yake, Mama Veronika, alimleta mwenyewe, na kuku kwapani kwa ajili ya Muzee. Alipomaliza kumkabidhi mtoto wake akanigeukia mimi, niliyekuwa mwekundu wa vumbi la kutu kuanzia nywele mpaka kucha.

"Na weye, mama yako iko wapi?"

"Iko Boga, mama."

"Mbali. Basi hapa mama ni miye."

Hakusema kwa mchezo. Kesho yake mchana alileta bakuli moja na vijiko viwili. Maharage na viazi vitamu siku za kawaida, bugali na sombe ya majani ya muhogo siku njema. Kwa miaka mingi mimi na Gratien tulikula bakuli moja, tumekaa juu ya boneti ya gari iliyokosa mwenyewe, na kama mmoja alichelewa, mwingine alingoja. Nimekula vizuri baadaye, hata kwenye meza zenye vitambaa. Bado natamani bakuli lile.

Mikono yetu haikufanana. Mimi nilijua moto: kuchoma doa kwa doa bila bati kukunjamana. Gratien alijua kupinda. Alichukua bati bapa, akagonga kidogo hapa, kidogo pale, huku akitazama kwingine kabisa kama mtu anayewaza habari za nyumbani, na bati likageuka polepole kama jani linalokauka. Alijua bati zima na bati bovu kwa kuligonga na ukucha. Nilijaribu miaka kumi. Ukucha wangu haukusikia kitu.

Madirisha Muzee Anselme alitufundisha mwisho, kama padri anayeficha divai. Kadre ni ile fremu nyembamba ya chuma inayozunguka kioo na kukishika. Ndani yake kuna mfereji wenye mpira au kitambaa kizito, ndimo kioo kinamoteleza. "Kutu ya kadre haianzie fasi unaiona," alisema. "Inaanzia ndani, inakula, inashiba, kiisha inakuya kukusalimia." Mkiona rangi imevimba kama upele chini ya kioo, jueni ugonjwa una miaka. Na hakuna mpira unaozuia maji milele. Maji yataingia. Kazi yenu ni kuyaonyesha njia ya kutokea. Ndiyo maana kila kadre iliyopita mikononi mwangu ina matundu madogo chini, na ndiyo maana nilimpigia kelele yule aliyeyaziba kwa mastiki. Anajijua.

Wakati huo ndipo tulipoiona gari ya Munganga Pascal. Yeye alikuwa daktari wa hospitali, mtu wa kuongea taratibu, mwenye ng'ombe wachache nje ya mji na ugonjwa mmoja tu: gari. Aliinunua kwa mzungu wa kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa nyekundu, milango miwili, iko chini kama mjusi, imetengenezwa kwa ajili ya kukimbia. Kwenye barabara zetu ilikimbia kutoka shimo hili mpaka shimo lile. Kila Jumamosi aliileta tuiangalie. Muzee Anselme aliizunguka mikono nyuma, na siku ya kwanza alituruhusu kitu kimoja tu, kufunga mlango. Ulijifunga kwa sauti ndogo, nzito, kama mtu anayesema ndiyo. Gratien aliufungua akaufunga tena mara tatu, mpaka munganga akacheka.

Muzee Anselme alikufa kitandani kwake, amezeeka, watoto wakiwa wamemzunguka. Wakati ule tuliona ni msiba. Miaka iliyofuata ilitufundisha kwamba ilikuwa bahati. Vyombo vyake aliagiza tugawane: nyundo zote kwa Gratien, na vile vyuma vidogo vya kushikilia nyuma ya bati, kwangu. Mtoto wake alituuliza kama baba hakuwa amechanganyikiwa. Hakuwa. Nyundo bila chuma nyuma yake inatoboa tu. Alitaka tusiachane.

Kisha vita vikaja. Sitavieleza, wengine wenu mlivikimbia mgongoni mwa mama zenu, wengine mlizaliwa huko walikokimbilia. Patroni alienda Kampala, akaniachia funguo. Mtaa wangu ulipoungua nilihamia garaji na mke wangu na watoto wawili, tukakaa katika chumba cha vipuri. Gratien na mama yake walikuwa ng'ambo ya barabara kubwa. Barabara hiyo tulikuwa tunaivuka kila siku bila kufikiri. Sasa ilikuwa mpaka: wao kule, sisi huku. Majina ya makabila mnayajua. Sina haja ya kuyapandisha kwenye karatasi hii.

Asubuhi moja vijana wenye silaha walipita, wakasema kupitia geti kwamba atakayemficha mtu wa upande ule atakufa pamoja naye. Wakaenda. Ilipofika kama saa nne mtaa ulikuwa kimya, nami nilikuwa nagonga kipande cha bati nizibe tundu la risasi kwenye tangi letu la maji. Geti likabishwa, taratibu, kwa vidole.

"Faustin. Ni siye."

Ilikuwa sauti ya Gratien. Halafu ya mama yake: "Faustin, mwanangu."

Nikaacha kugonga. Mke wangu alitokea kwenye mlango wa chumba, mtoto mdogo mgongoni, akanitazama. Hakutikisa kichwa wala hakusema kitu. Naandika hivyo ili mtu asije akamtwisha yeye lawama. Kutoka niliposimama mpaka kwenye geti ni hatua kumi na mbili. Wakabisha tena, mara mbili. Kisha nikasikia miguu ya watu wawili inaondoka, mmoja anaburuta kandambili.

Hayo hamkuyajua. Mliniona kila siku nikifungua geti lile na kulifunga.

Baadaye wapita njia walileta habari. Gratien na mama yake walitembea kwa miguu, njia ya msitu, mpaka Mambasa. Mama Veronika alifika akiwa mgonjwa, na hakumaliza mwezi.

Kisha ikaja amani, hii ya kwetu, ambayo mtu huitaja kwa sauti ndogo asiiamshe. Askari wa kofia za bluu walipita na magari yao meupe. Soko likafunguliwa. Watu walijenga tena, lakini kwa mabati ya zamani, ili kama ni kukimbia tena, basi waache kitu cha zamani. Patroni akarudi, garaji likapata kazi. Wakati huo mlango mmoja kati ya miwili niliyotengeneza ulikuwa na matundu ya risasi, na wateja walitwambia ni misumari. Tulikubali ni misumari.

Siku moja Mama Odette, mke wa Munganga Pascal, aliingia getini kwa miguu, amevaa nguo nyeusi, mwavuli mkononi. Munganga alikuwa amefia ukimbizini, ng'ambo ya ziwa, kwa ugonjwa wa moyo.

"Faustin, uko muzima?"

"Niko, mama. Pole ya munganga."

"Pole ni ya siye wote. Kuya uone kitu."

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na stoo, na mlango wa stoo ulikuwa umejengwa kwa matofali. Munganga aliujenga mwenyewe siku mbili kabla ya kukimbia, baada ya kuingiza gari ndani. Mama Odette alikuwa amelipa watu waubomoe. Gari ilikuwa pale, chini ya vumbi la matofali, magurudumu yamelala. Wezi hawakuiona. Risasi hazikuipata. Lakini munganga, ili kuificha zaidi, alikuwa ameifunika kwa blanketi, na juu ya blanketi akapanga magunia ya chumvi ya ng'ombe. Paa lilipotoboka, mvua ilipita kwenye chumvi, chumvi ikateremka na maji juu ya vioo, ikaingia kwenye mifereji ya kadre, ikakaa humo miaka.

Nilipiga magoti, nikatoa msumari. Bodi ilikuwa nzima. Kadre zilikuwa rangi tu. Mlango wa kuume niliugusa kidogo, na kipande kirefu kama mkono wangu kikaanguka chini bila sauti, kama mkate mkavu.

"Inapona?" akauliza.

"Mama, kwa nini usichukue gari ingine ya kutembelea? Hii iko chini sana, na njia zetu unazijua."

"Kisha majuma tatu iko misa ya kumaliza kilio ya munganga. Nitaendesha ile gari miye mwenyewe, toka nyumbani mpaka kanisani, vioo chini."

"Na vumbi?"

"Siku tulikimbia, Faustin, nilipita ile barabara nimefunika uso na kikwembe, juu mutu asinijue. Nataka kurudi nikiwa wazi."

Kesho yake tuliikokota gari mpaka garaji.

Watu wa injini waliiamsha gari kwa siku nne, wakazunguka garaji wakiimba. Waacheni, ndivyo walivyo. Mimi nilianza na vioo. Hapa sikilizeni, maana kioo kingine cha gari ile hakikuwepo Ituri nzima. Mpira wa zamani usiuvute. Umwagie maji ya moto mpaka ulegee, kata mdomo wake wa nje kwa kisu chembamba, kisha mtu mmoja asukume kutoka ndani kwa miguu miwili, amevaa soksi, taratibu, na mwingine apokee nje. Kioo ukiweke kimesimama juu ya blanketi, kamwe usikilaze. Andika kuume na kushoto. Utasema utakumbuka. Hutakumbuka.

Kisha kata kutu mpaka ufike kwenye chuma kizima, na uongeze vidole viwili. Bati jipya tulilipata kwenye kabati la chuma la ofisi moja ambayo karatasi zake zilikuwa zimechomwa. Unene ulikuwa sawasawa. Nilipima kwa katoni, nikakata, nikapinda juu ya ubao mgumu wa msituni nilioutengeneza kwa umbo la kadre. Nilichoma doa, nikaweka kitambaa chenye maji, nikahamia mbali, nikachoma doa jingine. Kadre ya kioo cha mbele ilikubali. Ya nyuma ilikubali. Ya mlango wa kushoto ilinisumbua, ikakubali.

Ya mlango wa kuume ilinishinda. Ilikuwa imeoza yote, haikuniachia kitu cha kuiga, na kadre ile ina mapindo mawili kwa pamoja: inafuata paa, na papo hapo inalala kuelekea ndani. Niliitengeneza mara tatu. Mara ya tatu niliingiza kioo, nikakipandisha. Kikakwama vidole viwili kabla ya juu. Nikakisukuma kidogo tu, kikatoa mlio mdogo, kama kikombe kinachotaka kupasuka. Nikaondoa mikono. Zilibaki siku kumi.

Ningeweza kumwambia Mama Odette kwamba dirisha hilo litabaki limefungwa daima. Angekubali, alikuwa mtu mwema. Lakini nilijua mkono mmoja ambao ungeipinda kadre ile, na nilijua uko wapi. Gratien alikuwa amerudi Bunia miezi kadhaa nyuma. Alikaa kwao, ng'ambo ya barabara, akitengeneza mbabula, haya majiko ya makaa, kwa bati la mapipa. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nazunguka mbali nikienda sokoni.

Nilivuka mchana. Watu wa mtaa ule walinitazama, na mimi nilitazama mbele. Gratien alikuwa amekaa nje ya nyumba, pipa katikati ya magoti. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Aliniona tangu mbali, hakuacha kugonga.

"Karibu," akasema. Neno hilo kwetu hata adui hanyimwi.

"Nimekuya juu ya kazi."

"Kazi gani?"

"Gari ya munganga. Kadre ya mulango wa kuume inanishinda."

Nyundo ikapunguza mwendo. "Ile nyekundu? Iliokoka?"

"Iliokoka. Ila kutu ilikula kadre zote."

"Kioo iko muzima?"

"Muzima."

"Uliisukuma?"

"Kidogo. Ikalia."

"Usiiguse tena." Aligonga pipa mara nne, tano. "Nitakuya kesho. Nakuya juu ya gari. Si juu yako."

Alikuja saa moja asubuhi, nyundo za Muzee Anselme zimefungwa katika kitambaa. Alizunguka gari mikono nyuma. Akapitisha ukucha kwenye milango, akasikiliza, akafungua mlango wa kuume akaufunga. Nilifikiri atatabasamu. Hakutabasamu. Mchana mke wangu alimletea sahani. Alimshukuru kwa heshima, akairudisha imefunikwa vilevile, akaenda kula ndizi peke yake kwenye benchi la upande wa pili wa njia.

Lakini kazi ya bati haina haya. Mmoja anagonga, mwingine anashika chuma nyuma, na kama hamjakaribiana, bati linajua. Tulifanya kazi uso kwa uso, pumzi kwa pumzi, tukisema maneno ya kazi tu. Juu. Chini. Ngoja. Tena. Na vijana, lazima niseme ukweli: mikono yangu ilikuwa na furaha. Ilikuwa haijasikia mapigo yale kwa miaka, mawili mepesi na moja zito, na ilijua yenyewe mahali pa kuhamia kabla sijaiambia. Nilikuwa naona aibu juu ya furaha ile, na sikuweza kuizuia.

Siku ya tatu, pindo la pili likiwa linaanza kukubali, Gratien alisema bila kuinua macho:

"Ile siku ulikuwa ndani."

Nilikuwa nimeshika chuma nyuma ya bati kwa mikono miwili. Sikuweza hata kugeuka.

"Nilikuwa."

"Nilijua. Nilisikia nyundo inanyamaza." Akagonga mara mbili, nyepesi. "Mama akasema, hayuko, mwanangu, twende. Miye nilijua uko, sikumuambia. Njia yote alikuwa anasema, labda Faustin alikimbia mbele, labda tutamukuta kule. Alikufa anafikiri hukuwa mule."

"Gratien, naomba..."

"Kama ni kuomba, mwenye kuombwa si miye. Yeye iko Mambasa." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Shika chuma muzuri. Inateleza."

Nilishika. Machozi yalinitoka juu ya bati, naye alingoja mpaka nilipoyapangusa kwa mkono wa koti, kisha akaendelea. Maji ya chumvi kwenye kadre mpya: Muzee Anselme angetufukuza wote wawili.

Siku ya tano kadre ilikuwa tayari. Tulitoboa matundu ya chini, tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, tukamwaga mafuta mazito ndani ya mlango mpaka yakatokea kwenye matundu. Kwa vioo vya mbele na nyuma tulizungusha kamba ndani ya mpira, tukapaka sabuni, mimi nikavuta kamba ndani na yeye akapiga kiganja nje, mpaka mdomo wa mpira ukaruka juu ya chuma wenyewe. Kisha Gratien alishika mkono wa kupandishia kioo cha kuume. Akazungusha. Kioo kikapanda, kikapita pale kilipokwama, kikafika juu, kikatulia. Akakishusha, akakipandisha. Tulitandaza magazeti makavu juu ya viti, tukamwaga ndoo sita za maji juu ya gari, tukafungua. Magazeti yalikuwa makavu. Maji yalikuwa yanatiririka chini ya milango, kwenye matundu, yanaenda zake.

Jumamosi ya misa tulisimama kando ya barabara kubwa, mimi upande huu na Gratien hatua chache kutoka kwangu. Mama Odette alipita kwa mwendo wa mtu anayetembea, akikwepa mashimo, vioo chini, kitambaa cheupe kichwani. Kulikuwa na watu pande zote mbili. Mwanzo walinyamaza. Kisha mwanamke mmoja wa ng'ambo akaita, "Mama wa munganga! Ulirudia!" kwa sababu munganga alikuwa amewazalisha wanawake wa pande zote, hakuuliza jina. Wengine wakapiga vigelegele. Mama Odette alisimamisha gari mbele yetu, akanyoosha mkono dirishani, akamshika Gratien mkono kwanza, kisha mimi. Alikuwa analia, uso wake wote uko nje, hakuupangusa.

Misa ilipokwisha nilimwambia Gratien nafasi yake garajini ipo.

"Fasi iko," akasema. "Miye siko tena." Mke wake alikuwa na ndugu Mambasa, na kaburi la mama yake lilikuwa kule. Akafunga nyundo katika kitambaa. "Siku utakuwa na nguvu, kuya umuambie mwenyewe."

Hatukushikana mikono. Lakini alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri, nami sikujua anasubiri nini.

Miaka ikapita, ndiyo miaka mliyonikuta. Nilijiambia njia ya Mambasa ni mbaya. Miaka mingine ilikuwa kweli: barabara ilifungwa, watu waliuawa. Miaka mingine malori ya mbao ya Mambasa yalilala hapa garajini kila juma, nikatengeneza milango yao, madereva wakaniuliza kama sitaki kupanda. Nilisema kazi ni nyingi. Mlikuwa mafundi wazuri, mngeweza bila mimi siku tatu. Mlikuwa mnanishikia chuma nyuma ya bati na mlikuwa mnashika vizuri, na kila mara nilisikiliza kama mapigo yale yatarudi, mawili mepesi na moja zito. Hilo si kosa lenu.

Mwezi baada ya mbuzi wenu nilipanda lori la Mambasa. Niliharibika mgongo, lakini nilifika. Kwenye sehemu ya mafundi niliuliza, wakanionyesha nyumba. Mwanamke alitoka, mikono ina unga.

"Natafuta Gratien, toliye."

Alitazama mikono yangu. "Weye ni Faustin."

"Ni miye, mama."

"Aliondoka mvua iliyopita. Homa. Siku mbili tu." Akapangusa unga. "Alisema kama utakuya, nikupeleke kwanza kwa mama yake."

Makaburi yao yako nyuma ya kanisa dogo, yote mawili, moja lina saruji na moja bado udongo. Nilivua kofia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu Bunia, na njiani nilikuwa nimeyapanga upya. Yote yaliondoka.

"Mama Veronika, ni Faustin," nikasema. "Siku ile nilikuwa ndani."

Basi. Ndege waliendelea kuimba. Kisha niligeuka upande wa udongo, kwa Gratien, na kwake sikupata hata hayo. Nilianza kumwambia habari za garaji, nani ameondoka, nani ameingia, nikaishia katikati ya jina la mtu.

Mke wake alikuwa amebaki nyuma, kwenye njia. Baada ya muda akakaribia.

"Umemaliza?"

"Bado, mama."

Akafungua kikwembe alichojifunga kiunoni, akakitandika kwenye majani, akakaa, akaniachia nafasi.

"Basi kaa," akasema. "Siye tuko."